Kumkaribisha Mwanafunzi: Habari za Malezi na Shule katika Nyanda za Juu za Kusini

Katika lugha yetu neno karibu lina kazi mbili. Kwanza lataja mahali, yaani pasipo mbali. Tena ni neno la kumpokea mgeni mlangoni. Kumkaribisha mtu, basi, ni kumvuta kutoka mbali alikosimama hata awe pamoja nasi. Liko na neno jingine la kuangaliwa, nalo ni kurudi. Husemwa kumrudi mtoto, maana yake kumwonya au kumwadhibu. Na neno lenyewe latukumbusha kwamba aliyekosa ameiacha njia, na kazi ya mlezi ni kumrejesha. Maonyo yanayomfukuza mtoto, hata yakiwa ya haki, hayajatimiza maana ya neno hilo.

Nimeyatanguliza maneno haya mawili kwa sababu habari za shule katika nchi ya Mbeya na Iringa, kwa muda upatao miaka 130 na zaidi, zaweza kuelezwa kwa maneno hayo: jinsi shule ilivyotaka kumkaribisha mtoto, na jinsi ilivyomrudi alipokosa. Watu wengi huyahesabu kuwa mambo mawili mbalimbali, la kwanza la upole na la pili la ukali. Mimi nataka kuonyesha kwamba ni jambo moja. Mtoto hajui kama amekaribishwa siku ile ya kwanza anapopokelewa kwa furaha. Hujua siku ile anapokosea jibu mbele ya wenziwe, akatazama uso wa mwalimu.

Msomaji akumbuke kwamba nikisema Nyanda za Juu za Kusini nazungumzia nchi yote ya zamani iliyokuwa chini ya Iringa na Mbeya, ijapokuwa sehemu zake nyingine sasa ni mikoa ya pekee: Njombe tangu mwaka 2012, na Songwe tangu mwaka 2016.

I. Malezi kabla ya shule

Tuanze na Wanyakyusa wa Rungwe na wa bonde la Kyela, maana desturi yao ya malezi haina mfano mwingi duniani. Zamani mtoto wa kiume alipopata umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hakulala tena nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenziwe wa rika moja, ambao walikuwa wakichunga ng'ombe pamoja, walijenga vibanda vyao mahali pa pekee, na vibanda vile vikawa mwanzo wa kijiji. Walikwenda kula kwa mama zao, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kwa kundi. Walipokua na kuoa waliendelea kukaa pamoja. Na wakati ulipofika, wazee waliwakabidhi vijana nchi kwa sherehe kubwa. Habari hizi ziliandikwa kwa urefu na Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alikaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hata 1938, na kitabu chake juu ya vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951.

Katika mambo aliyoyasikia limo neno moja ambalo latufaa sisi waalimu, nalo ni ukwangala. Maana yake ni kufurahia kukaa na wenzako, kuzungumza, kula na kunywa pamoja kwa amani. Wanyakyusa hawakulihesabu jambo hili kuwa anasa tu. Walishika kwamba mtu hupata akili na adabu kwa kuzungumza na wenziwe, na ya kuwa akaaye peke yake hubaki mjinga. Kijana aliyesema neno la upuuzi alichekwa au alipingwa na rika lake, lakini jioni alikula nao chakula kimoja. Kosa lake lilisahihishwa katikati ya watu ambao hawakuwa na nia ya kumtupa.

Katika nchi ya Iringa desturi ilikuwa nyingine, kwa kuwa Wahehe walikuwa watu wa vita na wa mtawala mmoja, hasa tangu siku za Munyigumba na mwanawe Mkwawa. Hata hivyo, huko pia heshima ilitangulia mafundisho. Hata leo mgeni apitaye vijiji vya Uhehe na Ubena husikia salamu ya kamwene kabla ya neno lingine lolote, kama vile katika Rungwe asubuhi husikia ugonile. Mtoto aliyezaliwa katika nchi hizi alijifunza mapema kwamba watu hawaanzi shauri lolote kabla hawajasalimiana. Sifa nayo ilikuwa na mahali pake, tena ilishikamana na tendo. Jina lenyewe la Mkwawa ni kifupi cha Mkwavinyika, nalo ni jina la sifa, maana yake mtu aliyezishinda nchi nyingi. Hakusifiwa kwa kuwa ni mtu mwema kwa jumla. Alisifiwa kwa jambo lililoonekana.

Walakini tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Mchungaji mdogo aliyesinzia hata ng'ombe wakaingia shambani mwa mtu alipigwa, tena sana. Na vijiji vile vya rika vilikuwa vya wavulana; msichana alilelewa karibu na mama yake, akaozwa mapema, wala hakuna aliyemwuliza kama amekaribishwa. Twataka tu kuona kwamba mafundisho yalikuwa na watu wake, mahali pake na lugha yake, na mtoto alikuwamo ndani yake tangu kuzaliwa. Kisha ikaja shule, na mara mtoto akawa mgeni.

II. Shule ya watu waliokuja kwa hiari

Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka huo huo wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia nchi ya Wanyakyusa kutoka upande wa ziwa. Baadaye Waberlin wakapanda kwenda Ukinga na Ubena, wakajenga Kidugala na mahali pengine; nao Wabenediktini wakaanza kazi katika Uhehe, na kituo chao cha Tosamaganga, karibu na Iringa, kikaingia mikononi mwa mapadre wa Consolata baada ya vita ya kwanza ya dunia.

Ni vema kutafakari hali ya mwalimu wa siku zile. Hakuwa na sheria ya kumlazimisha mtoto kuja. Baba alimhitaji mwanawe machungani, mama alimhitaji binti yake shambani, na faida ya kusoma haikuonekana bado. Mtoto aliyechukizwa asubuhi hakurudi jioni. Kwa hiyo shule za kwanza zilikuwa za kujipatanisha na watu: zilifundisha saa chache, zilifungwa wakati wa kazi za shamba, na mara nyingi wazee na watoto walikaa pamoja mbele ya kibao kimoja. Pale ambapo mtemi au akida alitumia nguvu kuwaleta watoto, waliokuja walikuja kwa hofu, nao walitoroka nguvu ilipolegea.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Wamoravian na Waberlin katika nchi hizi walianza kufundisha kwa lugha za nyumbani, na Kinyakyusa kikaandikwa na kuchapwa mapema. Wenye Serikali walipendelea Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichowaunganisha watu wa makabila mengi, na katika shauri lile Kiswahili kilishinda, nasi sote tumefaidiwa nacho. Lakini wale wamisionari waliona neno ambalo halikuzeeka: mtoto asiyeelewa maneno ya mwalimu hawezi kujua kama anasifiwa au anatukanwa. Hata sasa yuko mtoto katika Usafwa au Busokelo aingiaye darasa la kwanza akiwa na Kiswahili kidogo tu. Mwalimu akimsalimu kwa salamu ya kwao asubuhi ile ya kwanza, kisha akaendelea kwa Kiswahili chepesi, hajavunja utaratibu wo wote. Amemwonyesha mtoto kwamba njia ya kutoka nyumbani hata shuleni haikukatika.

Jaribu la shule hizi lilikuja wakati wa vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasa na Rhodesia, yakapigana na Wajerumani, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Kwa miaka mingi walikuwa hawapo. Waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Wascotland wa Livingstonia walisaidia kwa kadiri walivyoweza, lakini mzigo ulibaki juu ya waalimu Waafrika, wengi wao wasio na mshahara wala vitabu vya kutosha. Shule na makanisa mengi hayakufa. Kama watoto na wazazi wangalikuwa wanakuja kwa sababu ya amri ya Mzungu, wangaliondoka alipoondoka. Waliobaki walibaki kwa sababu mwalimu alikuwa mtu wao.

III. Jaribio la Malangali

Sasa tufike kwenye habari iliyo mashuhuri kuliko zote katika elimu ya nchi ya Iringa. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika ya Mashariki, ikasema kwamba elimu ya Waafrika yafaa ilinganishwe na maisha yao. Mwaka uliofuata Serikali ya Uingereza ikatoa waraka wenye maneno ya namna hiyo hiyo kwa makoloni yake yote ya Afrika. Wengi walikubali kwa midomo. Mmoja alijaribu kwa matendo, naye ni W. Bryant Mumford, mkuu wa shule ya Serikali ya Malangali, katika sehemu iliyo sasa wilaya ya Mufindi.

Mumford aliona kwamba mvulana aliyepelekwa shuleni alivuliwa mambo yote ya kwao siku moja: nguo, michezo, ngoma, hata wazee wake. Akaona kwamba mtu wa namna hiyo akimaliza masomo huwa hana kwao tena. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 akaitengeneza Malangali kwa njia nyingine. Wanafunzi walivaa nguo za kienyeji badala ya kaptula na shati. Mchezo wao ulikuwa kutupa mkuki, na ngoma za nyumbani zilichezwa shuleni. Zaidi ya hayo, wazee waliojua habari za kabila waliitwa waje kukaa na wavulana na kuwafundisha mila na historia. Kusoma, kuandika na hesabu havikuachwa. Mumford mwenyewe aliueleza mpango huu katika jarida la kitaalamu la Africa mwaka 1930, na shule ile ya mbali katika milima ya Iringa ikajulikana London na kwingineko.

Tukiangalia nia yake, Mumford alistahili heshima. Wakati ambapo wengi walidhani Mwafrika hana kitu cha kuleta darasani, yeye alimwita mzee wa kijiji akae mahali pa mwalimu. Mcheza kwao hutunzwa, nasi twajua kwamba mtoto akiona babu yake anasikilizwa na mkuu wa shule, moyo wake hutulia.

Lakini jaribio halikudumu. Mumford alipokwisha kuondoka akaenda kufundisha London, na mwaka 1935 akasafiri kuziangalia shule za Wafaransa katika Afrika ya Magharibi. Katika miaka ile ya 1930 mambo ya pekee ya Malangali yalipungua, na shule ikawa kama shule nyingine. Jina lake lingalipo, nalo ni jina la shule ya sekondari. Yafaa tuulize kwa nini mpango uliokusudiwa kumkaribisha mtoto haukukaribishwa na watu wenyewe.

Sababu ya kwanza ni kwamba waliotoa wana wao kuja shule walitaka kitu kisichokuwapo nyumbani. Mkuki kijana aliweza kujifunza kwa baba yake bila kutembea siku kadha. Alikuja kutafuta barua, hesabu na lugha za ofisini, ambazo ndizo zilizompa mtu neno mbele ya Serikali. Alipoambiwa avae nguo ya kienyeji na acheze ngoma, alishuku kwamba anazuiliwa mlangoni kwa heshima nyingi. Na shaka hiyo haikuwa ya kipumbavu, maana katika miaka ile ile Serikali ilikuwa ikitawala kwa njia ya watemi na makabila, nayo haikupenda sana vijana wenye kuuliza mambo mapana.

Sababu ya pili ni kwamba neno kabila si jepesi kama wageni walivyodhani. Nchi ile ina Wahehe, Wabena na Wasangu. Katika karne ya 19 Wahehe walimfukuza Merere, mtawala wa Wasangu, kutoka makao yake ya zamani, naye akakimbilia Usafwa. Na kati ya Wahehe na Wabena vilikuwako vita vingi. Habari inayomfurahisha mtoto mmoja yaweza kuwa ni kidonda kwa mwingine aketiye karibu naye. Mkuki ni ule ule, lakini kumbukumbu ni mbalimbali.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Mpango ulitazama sana vitu vinavyomzunguka mtoto, yaani nguo, nyumba, ngoma, na haukutazama kwa kadiri hiyo hiyo mtoto hujibiwaje anapouliza au anapokosea. Twaweza kumvika mwanafunzi nguo ya babu yake, kisha tukamdharau. Tena twaweza kumvika sare ya shule kama ilivyo leo, tukamheshimu. Katika mambo yote ya Malangali, lililokuwa na uzima zaidi ni wale wazee, kwa kuwa mzee husikia swali na kulijibu; nguo haijibu neno.

IV. Shule ya lazima na fimbo

Baada ya uhuru hali ikageuka. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule inayomtenga kijana na watu wake. Neno hilo lafanana na la Mumford, ila safari hii lilisemwa na mwenye nchi. Mwaka 1974 ikaamuliwa katika mkutano wa Musoma kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na kazi hiyo ikakazwa mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na tangu mwaka 2016 ada ya sekondari hata kidato cha nne.

Hakuna mpenda watu asiyefurahi kwa mambo haya. Lakini yalileta badiliko ambalo halikuangaliwa sana. Mwalimu wa mwaka 1900 alikuwa na watoto wachache ambao waliweza kumwacha. Mwalimu wa siku za shule ya lazima alikuwa na watoto wengi mno ambao hawakuwa na ruhusa ya kumwacha. Wa kwanza alilazimika kuwavuta. Wa pili alilazimika kuwatuliza. Katika chumba chenye watoto themanini au mia, na mwalimu mmoja, fimbo ni njia fupi, wala haihitaji matayarisho.

Serikali iliweka kanuni juu ya adhabu ya viboko mwaka 1979, na kanuni mpya zikatoka mwaka 2002. Hizi za pili zilisema viboko visizidi vinne. Zilimpa mamlaka mkuu wa shule au yule aliyepewa naye idhini. Zilitaka adhabu iandikwe kitabuni. Tena zilisema ni kwa utovu mkubwa wa adabu au kosa zito. Msomaji alitafakari neno hili la mwisho. Kukosa jibu la hesabu si utovu wa adabu. Kusahau tahajia si kosa zito. Hata mtu anayekubali fimbo kwa ajili ya mwizi hana haki, kwa kanuni hizo, ya kumpiga mtoto kwa sababu hakujua.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 picha za video zilienea nchini zikionyesha waalimu wa mazoezi wakimpiga na kumkanyaga mwanafunzi katika shule moja ya sekondari mjini Mbeya. Nchi ilishtuka, na waliohusika wakaondolewa vyuoni. Sitaki kuongeza neno juu yao. Nataka kusema juu yetu tuliobaki, maana walikuwa vijana waliojifunza kazi, na mtu ajifunzaye huiga aliyoyaona tangu alipokuwa yeye mwenyewe ameketi dawatini.

Najua jibu litakalotolewa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mithali hiyo ni ya kweli, na kitabu cha Mithali cha Biblia nacho hutajwa kila neno hili linapozungumzwa. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliwaonya baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakavunjika moyo. Alijua kwamba moyo wa mtoto huvunjika, na ya kuwa uliovunjika haufundishiki. Kutomchelea mwana ni kumwambia kweli ya kosa lake. Mwalimu mwoga ni yule anayeandika alama ya kosa kwa wino mwekundu, akapita, asithubutu kukaa na mtoto hata aone alipopotea.

Na neno kurudi lina upande mwingine. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa kupata mimba wana ruhusa ya kurudi shuleni. Amri imefungua mlango; lakini msichana yule akiingia akachekwa, au mwalimu akamtaja kwa mfano wa aibu, atatoka tena, wala hakuna sheria itakayomshika. Kumrudisha ni kazi ya darasa.

V. Jibu lipasalo kwa mtoto

Sasa nitaje mambo machache ya kazi yenyewe, maana historia isiyofika darasani haitusaidii.

Sifa yaweza kudhuru. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa habari za majaribio kwa watoto wa darasa la tano, yaani wenye umri kama ule wa wavulana wa Kinyakyusa waliotoka kujenga kijiji chao. Waliofaulu kazi ya kwanza, wengine walisifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Kisha wote wakapewa kazi ngumu wakashindwa. Wale waliosifiwa kwa akili walilegea, wakapenda kazi nyepesi isiyowaaibisha. Wale waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Hili lapatana na desturi ya kale ya sifa iliyoshikamana na tendo. Ukimwambia mtoto, "Wewe una akili sana," umempa mzigo wa kuutunza. Ukimwambia, "Umepanga hesabu yako vizuri, ndiyo maana hukupotea," umempa njia atakayoipita kesho.

Alama peke yake haifundishi. Mwaka 1988 Ruth Butler, aliyefanya uchunguzi katika Israeli, alionyesha kwamba watoto waliopewa maneno ya maelezo walisonga mbele kuliko waliopewa alama. Tena waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidiwa kama wale wa maelezo peke yake. Yaonekana macho ya mtoto hukimbilia alama, na akiisha kuiona hasomi lingine. Katika nchi yetu Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Lakini katika shule nyingi mtoto aliye wa mwisho bado husomwa jina lake mbele ya wote siku ya kufunga. Natamani kujua ni faida gani aliyopata ye yote kwa kusomwa hivyo.

Maelezo mema huwa na sehemu tatu: lililo sawa, lililo kosa, na la kufanya sasa. Mwalimu aandike katika daftari namna hii: "Kujumlisha kwako ni sahihi kote. Katika kutoa umesahau kukopa kwenye makumi. Fanya tena ya tatu na ya tano, uniletee." Maneno haya ni machache kuliko hotuba ya ukali, nayo yamtendea mtoto mambo matatu: yampa heshima ya alichokiweza, yamwonyesha mahali pamoja alipopotea, na yamwita arudi kwa mwalimu. Maneno kama "Jitahidi" peke yake hayamfai, kwa sababu hajui ajitahidi wapi. Na "Hujui kitu" ni uongo, maana hakuna mtoto asiyejua kitu.

Mwenye darasa la watoto themanini atasema hana nafasi, na kweli hana nafasi ya kuandika hivyo katika madaftari yote kila siku. Basi na achague madaftari kumi kila siku, akiandika jina la kila mmoja aliyepata zamu. Kwa siku nane za shule kila mtoto atakuwa ameandikiwa neno lake mwenyewe. Na kwa siku zilizobaki iko hazina ya ukwangala. Watoto wakae wawili wawili au watatu watatu, wasomeane kazi zao, na kila mmoja amwambie mwenziwe jema moja na swali moja. Wafundishwe kwanza jinsi ya kusema, maana kumcheka aliyekosa ni rahisi, na rika lenye ulimi mbaya hudhuru kuliko fimbo. Yasemwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mwisho, mwalimu ahesabu moyoni jioni ni nani aliyewauliza maswali siku ile. Mara nyingi ataona kwamba aliwauliza wale wale wa mstari wa mbele, wavulana kuliko wasichana, wenye Kiswahili chepesi kuliko wenye kusitasita. Asiyeitwa jina lake juma zima hakukaribishwa, ijapokuwa mlango ulikuwa wazi. Na akiisha kuitwa, apewe muda wa kufikiri kabla swali halijapelekwa kwa mwingine.

Katika nchi hii sasa viko vyuo vinavyowaandaa waalimu. Chuo Kikuu kishiriki cha elimu kilichoko Iringa kina jina la Mkwawa. Huko Mbeya chuo kikuu cha Wamoravian kina jina la Askofu Teofilo Kisanji. Vijana wanaotoka humo watafundisha watoto wa watu wale wale waliosoma mbele ya kibao kule Rungwe, na waliotupa mkuki Malangali. Wengi wao watakuta vyumba vilivyojaa, chaki chache, na fimbo iliyoachwa juu ya meza na aliyetangulia. Sisi tulio wakubwa kazini, na hasa mapadre na wachungaji walio wasimamizi wa shule, tusiwaachie fimbo hiyo kuwa urithi. Tuketi nao jioni moja na madaftari kumi, tuwaonyeshe jinsi ya kumwandikia mtoto neno litakalomrudisha.